Mikono Ile Haikuwa Kura

Jumatano, 6 Machi

Kwa Mhariri wa Barua za Wasomaji,

Salamu zitakuja mwishoni kama zitabaki, maana nimekasirika, na mtu aliyekasirika akianza na salamu anaipoza hasira yake bure.

Mimi ni mwashi mstaafu. Wananiita Mzee Zege. Ukuta wa lile bwawa la juu ya mji, ambao mnaupiga picha kila mvua zikizidi, umepita kwenye mikono hii. Wengine walikuwepo, sikatai, lakini nenda kaangalie ni upande wa nani ambao haujapata ufa mpaka leo. Kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la jioni, nikiwa na watoto tayari. Kwa hiyo kalamu yangu inakwenda polepole, ila ikifika imefika.

Gazeti lenu nalisoma lote, kuanzia ukurasa wa mbele mpaka matangazo ya vifo. Redio nimeiacha. Msomaji wa habari wa siku hizi anacheka kabla ya habari na anacheka baada ya habari. Unga umepanda bei, kwi kwi. Daraja limekatika, kwi kwi. Kwenye televisheni wanaweka watu wanne mezani na wote wanaongea kwa mpigo. Mimi najua mafundi wakianza kupigiana kelele juu ya ukuta mmoja, ukuta huo hauna timazi. Wanasiasa ndiyo hata sisemi. Mheshimiwa alikuja kupanda mti mmoja kwa msafara wa magari, mti ukakauka, picha yake bado imebandikwa ofisini. Na mazoezi nayo mmeyaharibu. Karibu na stendi kuna jumba la vioo, watu wanalipa waingie ndani wakimbie juu ya mkanda usiokwenda popote, na barabara iko pale nje haijamkataza mtu.

Sasa naingia kwenye ugomvi wenyewe. Jana, ukurasa wa tano, mmeweka picha yetu sisi waogeleaji wa alfajiri tukiwa ukingoni mwa bwawa, mikono juu, na chini yake mmeandika kwa herufi nene: WAZEE WA BWAWANI WAUNGA MKONO UZIO. Huo ni uongo. Picha ni ya kweli, maneno ni ya uongo, na ndiyo uongo mbaya kuliko wote kwa sababu una shahidi.

Mikono ile haikuwa kura. Ilikuwa hesabu. Kila asubuhi tukitoka majini, mimi nainua mkono, na kila aliye nchi kavu anainua wake. Natazama. Mkono ukikosekana tunarudi majini. Utaratibu huo niliuweka mimi mwenyewe baada ya asubuhi moja ya ukungu, tulipovaa nguo tukaenda zetu, na kumbe Fundi Saa, rafiki yangu wa miaka yote, kabanwa na msuli kule chini ya ukuta, ameng'ang'ania ngazi ya chuma na sauti imemkauka. Mlinzi wa pampu ndiye aliyemkuta. Tangu siku hiyo hakuna mtu anayeachwa. Waulize jeshini kama wana utaratibu mzuri kama huo.

Siku ya picha alikuja Ofisa Burudani wa halmashauri na kipaza sauti chake. Anataka kulizungushia bwawa uzio, aweke geti la tiketi, na humo ndani alete boti za kukanyaga zenye umbo la bata. Nilijua atakachosema kabla hajasema. Watu wa namna hiyo mimi siwasikilizi. Nilimpa mgongo tangu mwanzo hadi mwisho, pamba zangu za masikioni sikuzitoa, nikaendelea na kazi yangu ya kuhesabu watu. Dawa yao ndiyo hiyo.

Nataka masahihisho, ukubwa uleule, ukurasa uleule. Na huyo aliyeandika yale maneno chini ya picha aje alfajiri moja aingie majini na sisi. Maji yatamfundisha adabu.

Nafasi ya salamu imebaki kidogo: salamu.

Mzee Zege
Mkuu wa Waogeleaji wa Alfajiri (cheo nilipewa, sikujipa)


Jumatatu, 11 Machi

Mzee wangu,

Shikamoo. Barua yako imefika, na hapa ofisini imezunguka meza zote.

Sehemu ya wasomaji habari wanaocheka tumeichapa jana Jumapili. Wasomaji wameipenda sana. Sehemu ya bwawa sijaweza kuichapa bado. Ukisema gazeti limesema uongo, lazima nimsikilize na aliyekuwepo kwa niaba ya gazeti, yaani mpiga picha wetu. Yuko safarini, akirudi nitamuuliza.

Wakati namsubiri, nina swali moja. Umeeleza vizuri mlichokuwa mnafanya nyinyi. Hujaeleza yule ofisa alikuwa amefika wapi kwenye maneno yake pale ulipoinua mkono. Alikuwa anasema nini hasa?

Ofisa ameshapeleka halmashauri taarifa kwamba watumiaji wa bwawa wamekubali. Kikao cha kupokea maoni ya wananchi ni tarehe 5 Aprili, ukumbi wa halmashauri. Nimeona heri ujue.

Wako katika kazi,
Mhariri wa Barua za Wasomaji


Alhamisi, 14 Machi

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yanakutii. Mimi mzima kama chuma, maji ya baridi yananihifadhi, daktari wa zahanati alinipima presha akaita wenzake waje waone.

Utakuwa umeiona picha, maana huko kwenu gazeti linafika. Usiamini. Nimewaandikia barua kali. Mhariri ametetemeka, ni binti, kaniamkia vizuri, lakini ni mjanja. Alichofanya amechukua utani wangu wa redio akauchapa, wosia akauacha. Nimewapelekea nyumba nzima wao wameng'oa dirisha wakaondoka nalo. Halafu ananiuliza eti ofisa alikuwa anasema nini. Mimi nitajuaje? Nilimpa mgongo, nilikuwa nahesabu watu wangu. Kumsikiliza mtu kama yule ni kumpa heshima ambayo hajaifanyia kazi.

Jambo linaloniudhi zaidi liko hapa hapa. Tangu picha itoke, watu majini wamekuwa wachache. Mama Vitambaa, yule mwenye duka la nguo, anakuja, anaogelea, anaondoka hata kabla sijainua mkono. Mwalimu wa Hesabu ananijibu kwa kichwa tu, kama kila neno analilipia kodi. Na Fundi Saa haji kabisa. Nilipita kibandani kwake, nikamkuta kavaa ile lenzi yake jichoni, kainamia saa ya mtu. Nikamwambia, "Vipi, maji yamekuotea meno?" Akasema, "Nina kazi, Zege." Hakuinua uso. Saa yenyewe ilikuwa imeshafungwa mfuniko, niliona.

Nadhani wanaona aibu kwa sababu gazeti limewaweka mikono juu mbele ya mji mzima kama watu waliokamatwa. Nawaelewa. Ndiyo maana lazima gazeti lirudishe maneno yake mdomoni.

Uzio ukijengwa, dada, mimi nitaogelea wapi? Kwenye beseni? Ngazi ile ya chuma niliichomekea ukutani mwenyewe zege likiwa bichi. Leo niikatie tiketi, nipishane na mtu aliyepanda bata.

Mdogo wako,
Zege


Jumanne, 19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Magoti yananitii kuliko wewe.

Picha nimeiona. Nimeikata nimeibandika jikoni, maana kaptula yako nyekundu inanichekesha kila nikichemsha chai. Nimeiangalia vizuri, na miwani. Wenzako wote wamemgeukia mtu wa kipaza sauti. Wewe peke yako umemgeuzia mgongo na mkono wako ndio ulio juu kuliko yote, umenyooka kama mlingoti.

Sasa nakuuliza, na usinijibu haraka. Wakati wewe unainua mkono wako wa hesabu, yeye aliuliza nini?

Unamkumbuka mama alivyokuwa akikutuma dukani. Alikuwa hajamaliza kusema "nenda" wewe umeshafika kona. Siku ile ulirudi na chupa ya mafuta ya taa, mama alitaka chumvi. Na bado ukarudi dukani ukagombana na muuza duka, ukasema yeye ndiye hasikii. Alikupa chumvi bure ili uondoke. Ukaja nyumbani unatembea kama umeshinda vita.

Halafu hilo la masikio. Mwaka jana ulipokuja kwangu nilikuita mara tatu kutoka nyuma, hukugeuka. Ulisema ni pamba. Hukuwa umevaa pamba, Zege. Ulikuwa sebuleni kwangu.

Muulize Fundi Saa kilichosemwa. Yeye alikuwepo na masikio yake ni mazima, mtu anayesikiliza saa siku nzima.

Dada yako


Jumatano, 20 Machi

Zege,

Sina mazoea ya kukuandikia barua. Tumeonana kila asubuhi miaka yote, barua za nini. Lakini nimepita kwako nikafika mlangoni nikageuka, na ulipokuja kibandani ulimi ulinigomea. Basi nimeona niandike, maana karatasi hainikatizi maneno.

Swali nililisikia. Tulilisikia sote, kipaza sauti kile kilikuwa kinafika mpaka ng'ambo. Ofisa alisema: "Wanaokubali bwawa liwekewe uzio na geti, wainue mkono." Nilikuwa nimekaa juu ya ngazi navaa kandambili. Nikakutazama wewe. Nilisema moyoni, Zege sasa atageuka amchane huyu bwana, leo patakuwa na kichekesho. Badala yake mkono wako ukapanda, wa kwanza kabisa. Na wangu ukapanda wenyewe, kama kila asubuhi, kabla sijauliza kwa nini. Wengine vilevile. Ofisa akasema, "Asanteni wazee, mmenirahisishia." Wewe ukachukua taulo ukaondoka.

Kwenye kona ya soko wanasema umeahidiwa ukuu wa geti. Kwamba utapewa kofia na kiti. Nilibishana nao wiki nzima, nikashindwa, maana wao wana gazeti na mimi nina macho, na vyote viwili vinasema kitu kimoja.

Mimi ndiye niliyekuwa kwenye ngazi ile asubuhi ya ukungu. Hesabu hii uliianzisha kwa ajili yangu, hukuwahi kusema lakini najua. Kuitumia kunifungia nje ya bwawa, hilo sikulitegemea. Kama una sababu zako, ungenieleza nikiwa bado nchi kavu.

Sitakuja tena majini. Usinihesabu.

Fundi Saa


Ijumaa, 22 Machi

Fundi Saa,

Ukuu wa geti? Mimi? Nikae kwenye kiti nimevaa kofia ya halmashauri nikikata tiketi za bata? Umenijua tangu tuna meno yote.

Sasa nisikilize wewe. Umekiri kwa kalamu yako mwenyewe kwamba swali ulilisikia. Una masikio mawili, una ulimi, na uliuona mkono wangu unapanda. Mbona hukupiga kelele? Ungesema "Zege, shusha," kuna ubaya gani? Kutwa unarekebisha saa za watu zilizokosea, mimi nilikosea mbele yako ukaniacha niendelee kupiga.

Na hata sikukosea. Nilikuwa nahesabu. Aliyekosea ni aliyeuliza swali wakati wa hesabu.

Rudi majini uache upuuzi.

Zege


Jumatatu, 25 Machi

Mzee wangu,

Shikamoo. Mpiga picha amerudi. Nimeketi naye, na nakuandikia alivyosema bila kuongeza.

Anasema ofisa alieleza mpango wake, kisha akaomba wanaokubali wainue mkono. Anasema hakutegemea mtu yeyote ainue, kwa jinsi sura zilivyokuwa zimekunjwa. Alikuwa ameandaa kamera apige picha ya watu waliokataa. Ndipo mzee mmoja wa kaptula nyekundu, aliyekuwa amesimama kumpa ofisa mgongo, akanyoosha mkono juu kabisa, na wengine wote wakafuata. Anasema hata ofisa mwenyewe alishangaa. Mpiga picha hakujua lolote kuhusu hesabu yenu. Hata mimi nisingejua kama usingeniandikia.

Kwa hiyo, mzee wangu, siwezi kuchapa kwamba gazeti limesema uongo. Swali liliulizwa na mikono ikainuka, na ndicho tulichoandika. Lakini naamini ulichoniandikia pia. Mikono ile haikuwa ikijibu lile swali.

Ninachoweza kufanya ni hiki. Kama mwenye mkono wa kwanza ataeleza mwenyewe mkono wake ulikuwa unasema nini, na kwa nini hakulisikia swali, nitaichapa ukurasa wa tano, ukubwa uleule wa picha, kabla ya kikao. Mtu mwingine akieleza badala yako haitakuwa na uzito. Ofisa atasema mnageuka kwa sababu mmeshawishiwa.

Pole kwa kukuandikia mambo mazito. Baba yangu naye ni mwogeleaji, na masikio yake hayataki kuzungumziwa.

Mhariri wa Barua


Jumamosi, 30 Machi

Dada,

Shikamoo. Usicheke.

Nimekaa na karatasi siku nyingi. Nimekuwa nikiandika barua za kuwasema watu tangu nilipojua kuandika. Nimewasema mawaziri, nimemsema mkuu wa posta, nimemsema yule aliyeandika kwamba zege ni saruji tu. Kalamu haikuwahi kunikwama. Sasa nikitaka kuandika neno "mimi" inatafuta pa kujificha.

Kilichotokea ni kwamba niliwahi. Sikukosea, niliwahi tu. Kila asubuhi nainua mkono watu wakishatoka majini, na siku ile nao walikuwa wameshatoka. Huyo bwana ndiye aliyeweka swali lake mahali pangu. Nikimfikiria bado damu inachemka. Utawaulizaje watu jambo la maisha yao wakiwa wanadondosha maji, wengine hata suruali hawajavaa? Na utahesabuje kura ya mtu aliyekugeuzia kisogo? Hata kuku akikugeuzia mkia unajua hajakubali.

Lakini usiku... sitaki kuongea mambo ya usiku. Mchana huu huu, nikiwa nimekaa barazani, nimemfikiria Fundi Saa pale juu ya ngazi akinitazama. Alikuwa anasubiri nigeuke. Alikuwa tayari kucheka. Jambo la kugeuka tu, dada. Shingo yangu ni nzima.

Na lile la masikio ni kweli. La kushoto limekwisha muda, la kulia linachagua. Pamba nilianza kuvaa majini, baadaye nikaona zinanisaidia hata nchi kavu. Mtu akikuona na pamba hakuulizi maswali. Usimwambie mtu.

Sijui nimwandikie yule binti au nimwache.

Zege


Jumanne, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sikucheka, ila mara moja, hapo kwenye kuku.

Unaniambia nisimwambie mtu. Sitamwambia. Mwambie wewe.

Dada yako


Jumatano, 3 Aprili

Kwa Mhariri wa Barua, upesi, nimempa dereva wa basi aikabidhi mkononi mwako

Marahaba, binti yangu. Chapa hii na usiikate. Ukiikata nitakuja huko.

"Mimi ni Mzee Zege. Kwenye picha ya ukurasa wa tano mimi ndiye mwenye kaptula nyekundu na mgongo. Mkono wa kwanza ni wangu. Sikuwa nakubali uzio. Nilikuwa nawahesabu wenzangu wanaotoka majini, kama nifanyavyo kila siku, ili mtu asiachwe humo. Wenzangu walipoona mkono wangu wakainua wa kwao. Hawakumjibu ofisa, walinijibu mimi.

Swali sikulisikia. Nilikuwa na pamba masikioni, na hata bila pamba nasikia kidogo, na hata ningesikia vizuri nilikuwa nimeamua kutosikiliza. Nilidhani kumpa mtu mgongo ni kumkatalia. Kumbe mtu akinyamaziwa na kila mmoja, anajaza mwenyewe anachotaka, na mkono wangu ulimsaidia kujaza.

Hakuna aliyeniahidi kofia wala kiti. Anayesema hivyo pale sokoni aje aniambie upande wa kulia.

Pamoja na hayo, namwambia Ofisa Burudani: ukitaka kujua watu wanataka nini, waache wavae kwanza. Bwawa halikukosa burudani. Burudani ilikuwepo kabla yako, inaanza kabla hujaamka, na haina geti. Ukuta ule nimeujenga mimi na wenzangu kwa ajili ya kuzuia maji. Haukujengwa kuzuia watu.

Mkono wangu naushusha. Wenzangu wakitaka kushusha wa kwao, washushe."

Mwisho. Na wasomaji habari wa redio bado wanacheka, nilidhani barua yangu ingewasaidia.

Mzee Zege, mwashi mstaafu


Alhamisi, 11 Aprili

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Gazeti umeliona, hivyo sirudii. Amelichapa lote, binti yule, hata la upande wa kulia. Watoto wa jirani sasa wakitaka kunisalimia wanazunguka kwanza upande huo. Nimewafokea lakini inasaidia.

Kikao kilikuwa Ijumaa. Ukumbi umejaa, viti vya plastiki, mapanka ya juu yanazunguka bila kuleta upepo. Ofisa Burudani alivaa tai. Nilikaa mstari wa mbele kabisa, nimemtazama usoni, pamba nimeziacha nyumbani. Dada, nilimsikiliza mtu yule kutoka mwanzo hadi mwisho. Sijawahi kufanya kazi ngumu namna ile, hata kupakia mawe ni nafuu. Na sasa nina haki ya kusema: maneno yake yalikuwa ya ovyo kuliko nilivyodhani. Kwenye maelezo yake neno "kisasa" lilikuwa kama mchanga kwenye mchele.

Akafika kwenye kuuliza. Akasema wanaopinga wainue mikono. Hakuna aliyeinua. Akatabasamu. Mama Vitambaa akasimama akasema, "Mikono tumeshaichoka, bwana, leo tunatumia midomo." Akasema yake. Akakaa. Mwalimu wa Hesabu akasimama akasema yake, kwa kirefu, mpaka mwenyekiti akaangalia saa. Wakaendelea hivyo mmoja mmoja, hata watu ambao hawajawahi kulowa maji. Mimi nikasimama mwisho. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikasema tu, "Waliyosema ndiyo hayo," nikakaa. Mama Vitambaa aliniuliza kama naumwa.

Fundi Saa alikuwepo, nyuma kabisa karibu na mlango. Nilipogeuka alikuwa ameshatoka.

Uamuzi umetoka juzi, na nakuambia sijaridhika. Boti za bata zinakuja. Uzio unakuja upande wa barabara, na geti lake. Lakini upande wa ukuta, kuanzia nyumba ya pampu mpaka kwenye ngazi ya chuma, hawatagusa, na alfajiri ni ya anayetaka. Wameandika "mpaka itakapoamuliwa vinginevyo." Hayo maneno ndiyo nitakayoshughulika nayo sasa. Kalamu ninayo.

Leo asubuhi ndiyo ninayotaka kukwambia.

Kulikuwa na ukungu. Mzito, huoni maji yanaishia wapi. Tuliingia, tukatoka, nikasimama pale pangu nikainua mkono kwa mazoea. Mkono wenyewe nilikuwa siuoni vizuri, sembuse ya wenzangu. Nikasikia Mama Vitambaa anasema, "Zege, huo shusha. Tunaitika." Nikataka kubisha. Utaratibu niliuweka mimi, na umefanya kazi miaka yote. Nikaona hapana, nikashusha.

Nikageuza sikio la kulia kwenye maji. Nikasema, "Nani yupo?" Mama Vitambaa akasema yupo. Mwalimu akasema yupo. Dereva wa lori, yupo, na anatetemeka meno mpaka nikamsikia mara mbili. Wote wakaitika. Hesabu ilikuwa imetimia, kwa hesabu ya siku hizi, maana yule mwingine alishasema nisimhesabu.

Wenzangu wakaanza kuvaa. Mimi sikuondoka. Sijui kwa nini, dada, nilibaki pale nimeinamisha kichwa kama mjinga. Nikauliza tena, "Nani yupo?"

Kule chini kwenye ngazi ya chuma, ndani ya ukungu, mtu akakohoa, akasema, "Nipo."

Nikamwambia, "Umechelewa, Fundi."

Akasema, "Sijachelewa, Zege. Wewe ndiye huwa unawahi."

Nilikuwa nasikiliza kama kuna mwingine.

Mdogo wako,
Zege